Homa ya Siwema

Juzi mjukuu wangu kashikwa na mafua. Mama yake katoa kile kikopo kidogo chekundu cha dawa ya kuchua, ile ya Kichina, ambayo kifuniko chake hakifunguki mpaka uking'oe kwa sarafu. Akaanza kumpaka mtoto kifuani na chini ya pua. Mimi nimekaa zangu mkekani napeta mchele. Harufu ikanifikia, ungo ukasimama mkononi. Mke wa mwanangu akaniuliza kwa ile sauti yake ya kubana pua, kama anaongea na mgeni wa serikali, "Mama, vipi, imekuingia machoni?" Nikamwambia ndiyo, imeniingia machoni. Ningemwambia nini? Kwamba nimenusa punda?

Maana kwetu, nilipokuwa mdogo, dawa ile ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kifua cha mama yangu. Ya pili pua ya punda dume wa jirani yetu, Mzee Chilumba. Nyie mnaonijua mshaanza kusema bibi kaanza uongo wake. Ngojeni.

Tulikaa nje kidogo ya Kivinje, kule kwenye majaruba ya chumvi. Baba alikuwa na mkokoteni, na punda jike wa kuuvuta, anaitwa Siwema. Kaletwa kwa mashua kutoka Mafia, maana kwetu punda ni wa kutafuta kwa tochi, mbung'o wanawamaliza. Na hiyo ndiyo miaka ya ruksa. Wenzangu mnaikumbuka. Leo unapanga foleni ya kipande cha sabuni duka la ushirika, unasukumwa mpaka ubavu unauma, kesho yake maduka yamejaa sabuni za kila rangi, za kunukia, ukiuliza imekuwaje unaambiwa ruksa. Mitumba ruksa, redio ruksa, chumvi ruksa. Kila mwenye mikono miwili kachimba jaruba lake, na chumvi yote ile nani wa kuibeba? Siwema.

Mwenye duka pale mjini alikuwa Mhindi, kazaliwa Kivinje hapo hapo, baba yake na babu yake pia. Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha imamu. Lakini alikuwa haongei kwa sauti, ananong'ona, kama anauza vitu vya wizi. "Mama Hadija," anamwambia mama, shingo kainyoosha juu ya mizani, "vitu vimeingia." Basi mama akirudi nyumbani hafiki hata kivulini, anaweka kapu chini na kuinyoosha shingo vilevile: "Mama Hadija, vitu vimeingia." Tunakufa kwa kucheka. Hivyo ndivyo kile kikopo kilivyoingia nyumbani kwetu, kwa kunong'ona.

Mama yangu alikuwa mwigaji, ndiyo maana na mimi naongea hivi. Akitoka kisimani anarudi na wanawake wote wa kisimani mdomoni mwake. Nani kagombana na nani, nani kasema nini, kwa sauti zao, na macho wanavyoyageuza. Alimwiga mpaka Siwema. Punda analia kwa mikupuo miwili, kwanza anavuta pumzi, hiiii, kama mlango wenye kutu, halafu anaitoa, haaa. Mama alikuwa anautoa mlio ule mpaka Siwema huko nyuma ya nyumba anaitikia. Baba hakuwa mtu wa kucheka kwa mdomo. Yeye akifurahi anainamisha kichwa na mabega yanatikisika. Ukiona mabega yanatikisika, ujue umempata.

Sasa Siwema alikuwa na siku zake. Siku nyingi ni punda mpole, unaweza kulala chini ya tumbo lake. Halafu ghafla asubuhi moja unamkuta masikio kayalaza nyuma, shingo kainyoosha mbele, mdomo anaufungua na kuufunga, anatafuna hewa. Meno yanagongana, kwa, kwa, kwa, mate yanachuruzika mpaka kifuani. Majani hayagusi. Analia, anatega sikio upande wa kwa Mzee Chilumba, analia tena. Mimi nikiona meno yanagongana vile, nilijua ni homa. Nilikuwa nimeshaumwa malaria mimi, nayajua meno ya homa yanavyogongana.

Nikamuuliza baba. Baba akatazama pembeni, akasema, "Siwema mgonjwa. Usimpitie nyuma."

"Atapona?"

"Atapona. Siku chache tu."

Nikamuuliza mama, mama naye akasema mgonjwa. Nikamuuliza Mzee Chilumba, akakohoa kwanza, kisha mgonjwa. Nyie mnajua kwetu. Mambo ya dume na jike hayasemwi mbele ya mtoto ambaye hajachezwa unyago. Kuku akipandwa na jogoo uani unaambiwa wanagombana. Mbuzi akihangaika anaumwa tumbo. Siku yako ikifika utawekwa ndani na kuambiwa yote kwa pamoja, kwa ngoma. Kabla ya hapo dunia nzima ni wagonjwa na wagomvi. Na watu wote wazima walishika neno moja, hata kama wamekosana.

Na kweli ukitazama, baba alimuuguza. Alimhamishia ule upande ambao upepo unatoka kwa Mzee Chilumba kuja kwetu, si kutoka kwetu kwenda kule. Alimwosha makalio kwa maji ya bahari asubuhi na jioni. Mzigo alimpunguzia nusu. Na wala hakumpiga. Baba alikuwa anasema punda akiwa hivyo ukimpiga unampiga bure, kwani hapo hakusikii wewe. Siku zote alimswaga kwa nyuma, lakini siku hizo alimwongoza kwa mbele, kamba mkononi, anamsemesha polepole. Maana ukimgusa kiunoni tu anasimama, anatanua miguu, mkia juu, anakojoa kidogo, na hapo hata umsomee Yasini haendi.

Tatizo lilikuwa Meneja. Huyo ndiye dume wa Mzee Chilumba, na jina kampa mwenyewe Mzee, anasema, "Nnemwita Meneja kwa sababu kazi hafanyi, kelele anapiga, na kula anakula." Mzee Chilumba alikuwa Mmwera wa kule Rutamba, kaja pwani ujanani na hakurudi, ila ulimi wake haukushuka naye. Mtu kwake ni ntu, mtoto ni ntoto, mke ni nke. Mama alimwiga mbele yake, naye anacheka mpaka anashika mti. Meneja na Siwema walitumia njia moja ya majaruba, na Meneja akimnusa Siwema siku zake, mkokoteni wake, chumvi yake, na Mzee Chilumba mwenyewe, vyote vinaruka. Ndipo baba akaazima kikopo cha mama. Alichota kwa kidole, akampaka Meneja ndani ya matundu ya pua, kulia na kushoto. Meneja alipiga chafya, akatikisa kichwa, macho yakamtoka maji, kisha akatulia. Alikuwa hanusi tena kitu chochote isipokuwa China.

Mimi nikayaweka yote hayo kichwani mwangu nikayapanga. Ugonjwa upo. Unakuja, meno yanagongana, huli, unatengwa peke yako, unaoshwa, unapunguziwa kazi, watu wanakusemesha polepole, kuna dawa ya kikopo inapakwa, na baada ya siku chache umepona, unakula majani kama jana. Sikuona hata mara moja Siwema hakupona.

Kwa hiyo mama alipoanza kuumwa mimi sikutishika.

Kilianza kifua. Anakohoa, anajipaka ile dawa, anajiiga mwenyewe anavyokohoa, tunacheka. Baadaye akawa hachoti maji. Akaja shangazi yangu kutoka Mingoyo kumuuguza, dada yake baba, mwanamke ambaye anarudia neno lako la mwisho kabla hajajibu. Unamwambia shikamoo shangazi, maji yamekwisha. "Yamekwisha? Ehee. Marahaba." Alimhamishia mama chumba cha nyuma penye upepo, peke yake. Alimkanda kwa maji. Mama hakula. Ikaingia homa, na meno yake nikayasikia nikiwa mlangoni, kwa, kwa, kwa.

Nikafurahi. Nisemeje, ndivyo ilivyokuwa. Nikasema, ahaa, ni hii. Hii naijua. Nikaenda nikakata majani mabichi, nikamletea mama fungu zima kitandani, nikamwambia, "Siku chache tu." Shangazi akataka kunifukuza na majani yangu. Mama akamzuia kwa mkono. Alilichukua fungu lile akaliweka kwenye mto, karibu na shavu lake, akasema kwa sauti ya baba kabisa, ile nzito ya kutazama pembeni, "Atapona. Usimpitie nyuma." Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Asubuhi moja wakaamua apelekwe hospitali mjini. Wakati huo kulikuwa na pikapu moja inayokuja kuchukua chumvi, ya tajiri mmoja wa Lindi, ndiyo ilikuwa imeanza kumnyang'anya baba kazi. Hiyo siku ndiyo tuliihitaji, na hiyo siku imekwama matope ng'ambo ya mto, masika ilikuwa haijaisha. Ikabaki Siwema. Baba akaenda kumtoa. Akamkuta masikio nyuma, mdomo unatafuna hewa.

Nilimwona baba akisimama na hatamu mkononi. Halafu akajaribu. Walimtandikia mama godoro mkokotenini, shangazi akakaa naye. Baba akavuta mbele, akamsemesha. Siwema akaenda kidogo, akasimama, akatanua miguu. Akageuza mkokoteni wote na mama yangu ndani yake, akataka kuelekea kwa Mzee Chilumba. Wakamrudisha. Akageuka tena. Shangazi, ambaye kwake punda ni punda, akasema mchapeni basi. "Mchapeni," akajirudia mwenyewe. Baba akatikisa kichwa. Gurudumu lilikuwa limeshaingia shimoni, mama anashikilia ubao kwa vidole, na baba yangu, mtu mzima, anamwomba punda. "Nisaidie leo tu," alimwambia. "Leo tu, kisha basi."

Ni mama aliyesema. Alijiinua kwa kiwiko, akamwiga Mzee Chilumba, pumzi zenyewe za kuazima: "Ntangulizieni Meneja."

Watu wazima wakatazamana. Shangazi akafunika mdomo kwa kanga. Mabega ya baba yakatikisika, mara moja tu. Nikauliza mbona wanacheka, mama akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Meneja anaijua njia ya hospitali, mama." Nikaamini, maana Meneja nilimdhania ana elimu.

Mzee Chilumba akaja na dume lake likipiga kelele. Hapo lazima lizibwe pua, vinginevyo likigeuka nyuma mkokoteni utalala. Baba akamtazama mama, hakuuliza. Mama akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kile kikopo. Ilikuwa imebaki dawa ya kwenye pembe tu, ya kukwangua. Akakinyoosha kwa Mzee Chilumba.

"Mpeni Meneja," alisema. "Mimi sina haja nayo tena."

Sasa nyie nisikilizeni. Mtu akitoa dawa yake na kusema hana haja nayo, mtoto anaelewa nini? Nilielewa mama kapona. Niliruka. Nilijua anakwenda hospitali kama watu wanavyokwenda mjini, kutazama vitu vilivyoingia. Mzee Chilumba alikikwangua kikopo kwa ukucha, akampaka Meneja kulia na kushoto, huku uso kaugeuzia pembeni, na mimi nikadhani dawa imemwingia machoni.

Wakaondoka. Meneja mbele na Mzee Chilumba, pua imejaa dawa, hajui kilichoko nyuma. Siwema nyuma yake, shingo kainyoosha, anamfuata bila kuvutwa, mwendo laini, hakusimama hata mahali pamoja. Hajawahi kuvuta mkokoteni vizuri kama siku ile. Baba anatembea ubavuni, mkono juu ya ubao, pale alipokuwa kashikilia mama.

Mimi nilikimbia nyuma yao mpaka kwenye mnazi uliokatika kichwa, mpaka wangu ulikuwa pale. Mama akaniona. Akainua kichwa, akataka kuniachia kichekesho. Akaanza mlio wa Siwema, ile sehemu ya kuvuta pumzi, hiiii. Ile ya kutoa haikutoka. Siwema akammalizia.

Nikarudi nyumbani nacheka.

Walimrudisha kesho yake, kwa pikapu, imeshatoka matopeni. Mimi sikuonyeshwa. Nilipelekwa nyumba ya jirani, na nilipotolewa mikeka ilikuwa imeshatandikwa, wanawake wamejaa uani, shangazi ameninyoa nywele na kuniambia mama amepumzika. Vizuri, nikasema. Siwema naye alikuwa anapumzika. Kumbe na Siwema hiyo siku hakufungwa, hakuoshwa, nani alikuwa na kichwa cha kukumbuka upepo unatoka wapi. Alikuwa amezagaa huko na Meneja, na Meneja dawa imeshamtoka puani.

Siku zote za matanga mimi nilikuwa na kazi. Niliwasikiliza watu. Kulikuwa na mmoja analia huku jicho lipo jikoni: "Jamani mwenzetuuu, umetuacha... hilo jungu limetiwa chumvi?" Kulikuwa na shehe mmoja anayemaliza kila neno kwa kumeza mate. Kulikuwa na mwenye duka, kaja kutoa mkono wa pole, akamnong'oneza baba hata pale, kama kawaida yake. Nikaziokota sauti zote hizo, moja moja, nafanya mazoezi nyuma ya nyumba nisizisahau. Nilikuwa namwekea mama. Nilijua akirudi ataniuliza, enhe, Hadija, nani kaja, kasema nini? Na mimi nitasimama mbele yake niwatoe wote.

Siku zikapita zaidi ya zile chache. Nikachoka kungoja, nikaona nimjaribie baba. Jioni, shangazi yuko jikoni, nikasimama mbele ya baba nikamtolea. Nikamtoa yule wa jungu. Nikamtoa shehe. Nikainyoosha shingo, nikamnong'oneza, "Mzee, pole sana." Baba akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, yakatikisika, hayakuacha. Nikafurahi moyoni, nikasema leo nimempata, leo nimemchekesha kuliko mama.

Siwema alizaa baada ya msimu mwingine wa masika. Majirani walikuja kumtazama mtoto wa punda, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko kichwa, na baba alikuwa amesimama mlangoni akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu mama aondoke. Nilikuwa nimejikalisha na Mzee Chilumba, nikamuuliza huyu mtoto katoka wapi. Mzee, kwa furaha yake, akasahau kukohoa.

"Si wa Meneja huyu? Wakati ule alipoachiwa, wakati wa msiba."

"Si alikuwa mgonjwa?"

"Ah, ntoto wangu. Ule si ugonjwa. Nnyama akiwa hivyo anataka nnume tu. Hajaumwa Siwema hata siku moja."

Nikamgeukia Siwema. Namtazama yule mdogo anavyotafuta titi, anakosea, anapiga mama yake kichwa ubavuni. Nikayaweka yale yote tena kichwani, meno, majani, siku chache, kikopo. Nikayapanga upya. Kisha nikamuuliza:

"Na mama?"

Mzee Chilumba akaondoa mkono wake begani mwangu, kisha akaurudisha. Alijibu polepole, Kimwera chote kimemtoka ulimini.

"Mama yako alikuwa mgonjwa."

Hapo ndipo nilipolia. Mwaka mzima umeshapita, watu wamevua kanga nyeusi za msiba, mikeka imekunjwa, mimi ndio naanza. Nililia siku ile mbele ya majirani wote waliokuja kufurahi, na wao wakaambizana kwamba mtoto kaogopa punda. Shangazi akanibeba ndani. "Kaogopa punda," akasema. "Punda. Ehee." Baba tu ndiye hakusema hivyo. Alikuja akakaa na mimi kwenye chumba cha nyuma, kile chenye upepo, mpaka giza likaingia, na wala hatukuwasha taa.

Haya yote kakikopo kale kameyaleta. Mjukuu wangu mafua yameshamwisha. Jana kaja mbio, mbuzi wetu jike anahangaika kambani, analia, mkia haumtulii. "Bibi, mbuzi anaumwa?" Nikamwambia haumwi, anataka beberu. Mke wa mwanangu akaacha mwiko chunguni: "Mama, jamani, mtoto huyo." Nikamwambia mwache ajue. Siku mimi nikilala kwenye hicho kitanda meno yakaanza kugongana, nataka mjukuu wangu ajue ni ugonjwa. Alie mapema, na wenzake.

Na nyie mnaonisifu, bibi Hadija anaiga watu wote, hajamwacha mtu. Nimemwacha mmoja. Mama yangu simwigi, siwezi. Kila nikimtafuta namkuta yuko ndani ya sauti ya mtu mwingine, yuko kwa mwenye duka, yuko kwa Mzee Chilumba, yuko kwa punda. Hawa wengine wote mnaowasikia nilianza kuwaokota zile siku za matanga, niwaweke mpaka arudi. Na bado ninao.